Kuku wa Uani na Maadui Wao

Huku kwetu Mbulu na Hanang mali ya mtu huhesabiwa kwa ng'ombe, na mwenye ng'ombe wengi hupishwa njia. Walakini ukiuliza daftari la mtoto limenunuliwa kwa fedha gani, au mafuta yaliyoingia jana jikoni yametoka wapi, aghalabu utaambiwa: kuku. Mume hauzi ndama kwa ajili ya kalamu. Mama ndiye amkamataye pora mmoja alfajiri ya siku ya mnada, akamfunga miguu, akampa kijana ampeleke gulioni Katesh au Dongobesh, na jioni haja imekwisha. Sisi tufundishao watoto chuoni twawajua wanafunzi ambao bei ya msahafu wao ilitoka kwa tetea mmoja.

Mali hii yapotea ovyo. Koo wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia, na akitunzwa aweza kufanya hivyo mara 3 au 4 kwa mwaka. Tuchukue mara 3 tu, na kila mara watotolewe vifaranga 10: hao ni 30. Ni nyumba gani, enyi ndugu, iliyopata kuona kuku 30 wazima kwa koo mmoja mwisho wa mwaka? Mwenye kubakiwa na 8 hujisifu mbele ya jirani zake. Waliosalia wamechukuliwa na mwewe, na baridi, na mdondo, na watu husema ni kudura, wakanyamaza. Kudura ni haki, lakini mlango wa tundu ulioachwa wazi usiku una mwenye kuulizwa.

Tuanze na koo mwenyewe. Kuku atakaye kuatamia hujulikana: hakai tena na wenziwe, hubaki kiotani hata usiku, hutanua manyoya akikaribiwa, hudonoa mkono, na sauti yake hubadilika ikawa nzito ya kukatakata. Hapo wengi humwacha alalie mayai yote aliyoyakuta, hata 18 au 20, wakidhani wingi wa mayai ndio wingi wa vifaranga. Hesabu hiyo si sawa. Mwili wa kuku wa kienyeji ni mdogo. Mayai 10 hadi 13 ndiyo ayafunikayo barabara. Yakizidi, kila siku machache hubaki pembeni yakapigwa na baridi, na kwa kuwa koo huyageuza na kuyahamisha, la leo pembeni kesho huwa katikati, na la katikati hutoka pembeni; hata mwisho mengi huwa mayai viza.

Mama mwenye busara huyaondoa mayai kila siku tangu koo aanzapo kutaga, akaacha moja lenye alama ya mkaa ili kiota kisisusiwe. Yale ayaondoayo huyaweka mahali pa ubaridi, ncha nyembamba ikielekea chini, wala hayakai zaidi ya siku 7 hadi 10 kabla ya kuatamiwa. Kiota na kiwe kikapu au sanduku lenye udongo mkavu chini na nyasi laini juu, na majivu kidogo kwa ajili ya utitiri na chawa, maana koo anayeliwa na wadudu huyakimbia mayai hata kama ni mama mwema. Na koo huwekwa kiotani usiku, si mchana. Gizani hatapatapi, na akiamka asubuhi huona hapo ndipo kwake.

Siku za kuatamia ni 21. Mara moja kwa siku koo hutoka kula, kunywa na kujisaidia, kisha hurudi upesi. Basi nafaka na maji viwe karibu, asiende kuvitafuta shambani huku mayai yakipoa. Usiku wa siku ya 7 chukua tochi, uliweke yai juu ya mwanga gizani. Lenye uhai huonyesha mishipa myembamba kama utando wa buibui. Lililo tupu hupitisha mwanga lote, nalo huondolewa. Watoto wetu hupenda kazi hii kuliko zote, na twaona ni vema wapewe, kwa sharti la mikono safi na bila kelele. Siku ya 21 ikifika, acheni kubandua maganda kwa kucha. Kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini tumboni mwake, aweza kukaa siku nzima bila chakula, wala hapana haja ya kumharakisha.

Ziko njia nyingine za akili katika jambo hili. Wakipatikana makoo wawili walio tayari, waatamishwe usiku mmoja. Vifaranga wakitoka, wote wapewe koo mmoja, wakitiwa chini ya mbawa zake usiku, na yule wa pili aachwe huru. Baada ya majuma machache ataanza kutaga tena. Kuku chotara walioenea siku hizi, kama wale waitwao Kuroiler, hutaga mayai mengi lakini ni wavivu wa kuatamia. Kwa hiyo mwenye kuwafuga asimchinje koo wake wa kienyeji, maana ndiye atakayemlelea.

Hapa laingia suala ambalo kina mama wametuuliza mara nyingi. Mabwana mifugo hushauri vifaranga watengwe na mama yao wakiwa na majuma 4, ili koo arudi kutaga mapema. Nao wauliza: je, si dhuluma? Maana wamesikia kisa kilichopokewa na Abu Dawud, kwamba katika safari masahaba waliwachukua makinda wawili wa ndege mdogo, yule ndege akaja akipigapiga mbawa, na Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe.

Jibu letu ni kwamba makinda wale walikuwa bado wahitaji wa mama yao, nao walichukuliwa bila haja. Kuku mwenyewe, siku zitimiapo, huwafukuza wanawe kwa mdomo wake wasimfuate. Kuna wakati ambao kutengana si uchungu tena. Shida ni kuujua wakati huo, na juma la 4 la Dar es Salaam si juma la 4 la Mbulu. Mji wa Mbulu uko juu milimani, na upepo wa mwezi wa Juni na Julai hata mtu mzima humtafutia blanketi. Kifaranga asiye na manyoya kamili akitengwa wakati huo, pasipo na chungu cha makaa au mahali pa joto, hufa usiku wa kwanza au wa pili. Twaona bora wakati wa baridi angoje majuma 6 hadi 8. Na wakati wa joto, mwenye banda zuri na chakula cha kutosha aweza kufuata ushauri wa majuma 4. Na anayeondolewa awe koo, usiku, kwa upole, vifaranga wabaki mahali walipopazoea.

Sasa tuje kwa maadui.

Adui wa mchana ni mwewe, na baada yake kunguru na nguchiro. Mwewe hushuka mahali peupe. Uani palipofagiliwa kama kiganja cha mkono, pasipo na kichaka wala kivuli, ndipo apapendapo. Panda mbaazi au matete pembeni ya ua, au weka uchanja mdogo wa miti wa kimo cha goti, na vifaranga watajifunza kukimbilia chini yake mama yao atoapo kile kilio kirefu cha hatari. Majuma 3 ya mwanzo watembee ndani ya tenga lililofunikwa, likihamishwa kila siku penye majani mapya. Wako wamfungao koo kamba mguuni ili vifaranga wasiende mbali. Sisi hatuipendi desturi hii: koo aliyefungwa hawezi kuruka kumkabili mwewe, na tumemwona koo mdogo akimrukia ndege mwenye kucha kama sindano bila kuuliza nani mkubwa.

Katika hadithi iliyo sahihi, mwewe na kunguru wametajwa pamoja na panya, nge na mbwa mkali, kuwa ni viumbe waharibifu ambao yaruhusiwa kuwaua hata katika Haram. Vijana wengine wakisikia hayo huona wamepewa hati ya kumaliza ndege wote porini. Sivyo. Ruhusa ni ya kuondoa madhara, na mwewe aliye mbali na vifaranga wako anakula panya wa shamba lako. Sheria ya nchi nayo ina masharti yake juu ya wanyama pori. Baya kuliko yote ni tabia ya kutia dawa ya wadudu katika nyama na kuitupa nje usiku. Nyama hiyo haichagui. Huila mbwa wa jirani, huila tumbusi, na mtoto mdogo huiokota.

Maadui wa usiku ni kicheche, kanu, paka mwitu, na penye mapori nyegere, ambaye mbao zilizooza kwake si kitu. Hawa wakiingia hawachukui mmoja wakatoka kama mwewe. Huua wengi kwa usiku mmoja na kula kidogo. Zamani katika tembe za Wairaqw kuku walilala ndani pamoja na watu na ndama, na udongo ule mnene uliwalinda kwa mwizi na kwa baridi. Nyumba za bati na matofali zilipokuja kuku walitolewa nje, wakalala juu ya mti au chini ya ghala, na hasara yaongezeka. Basi ajengewe tundu lililoinuliwa kimo cha meta 1 juu ya nguzo, kila nguzo ikavikwa kipande cha bati ili mnyama ateleze, na sakafu iwe ya fito zilizokaribiana ili mavi yaanguke chini. Wavu wenye matundu makubwa hautoshi peke yake, kwani mkono wa kanu hupita. Upande wa upepo uzibwe kwa udongo.

Kuku huingia kulala kabla ya jua kuzama. Nyumba ya Mwislamu basi haihitaji saa: mtoto mmoja apewe kazi ya kuwahesabu na kufunga mlango kabla hajatia udhu wa magharibi. Awe mmoja anayejulikana, maana kazi ya wote huwa si ya mtu.

Jogoo hatumsahau. Mtume (s.a.w.) amekataza kumtukana, kwa kuwa huamsha watu kwa sala, nasi tumesikia watu wazima wakimtupia kiatu. Jogoo 1 hutosha mitetea 10. Wakizidi hupigana, huwachosha mitetea, na mayai hayawi bora. Mapora wa ziada ndio wa kuuza. Pia jogoo asipandane na binti zake miaka na miaka, kwani kizazi hudhoofika. Badilishaneni majogoo na jirani wa kijiji kingine kila mwaka au miaka 2. Kuwapiganisha kwa mchezo au kwa fedha ni haramu, nalo si jambo la kujadiliwa katika ukurasa huu.

Wako wanaosita kumla kuku wa uani kwa sababu huparua jalalani. Abu Musa al-Ash'ari, kama alivyopokea Bukhari, alimwona Mtume (s.a.w.) akila kuku, na alimweleza hivyo mtu aliyekuwa akijitenga na chakula kwa sababu hiyohiyo. Na imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku mla uchafu siku 3 kabla ya kumchinja. Hilo ni jepesi kwa kila nyumba, na nyama huwa tamu zaidi.

Lakini mwewe na kicheche wote pamoja hawaufikii mdondo, uitwao pia kideri. Ugonjwa huu jina lake la kigeni ni la mji wa Newcastle, Uingereza, ulikoonekana mwaka 1926, na mwaka huohuo ulionekana Java. Kuku husinzia, huharisha kijani, hupinda shingo, na kwa siku chache ua huwa mtupu. Dawa ya kuuponya hakuna. Pilipili, mwarobaini na majivu, pamoja na heshima yetu kwa bibi zetu, haviuzuii. Kinga yake ni chanjo, na iko itengenezwayo hapa nchini, Kibaha, iitwayo I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine: tone 1 jichoni, kifaranga na jogoo kipimo kimoja, na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Hupewa kuku wazima. Aliyekwisha kuugua haimfai.

Maporomoko ya tope yaliyoshuka mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 yaliua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani, Mwenyezi Mungu awarehemu wafu wetu na awape subira waliobaki, na waliosalimika wengi walipoteza nyumba na mifugo. Aliyepotelewa hivyo haanzi na ng'ombe. Huanza na kuku 2 au 3 alionunua mnadani au aliopewa. Kuku hao wageni, watoke popote, wakae peke yao siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine, maana mdondo husafiri na kuku wa mnadani na hata na tenga lililowabeba.

Na kwa kuwa chupa moja ya chanjo hutosha mamia ya kuku, na ikiisha kufunguliwa haiwekwi, hapana nyumba moja iwezayo kuitumia yote. Iwe ya kununua au ya kampeni ya Serikali, kubalianeni siku moja kwa kitongoji kizima, Waislamu na wasio Waislamu pamoja, kwani kuku wa jirani asiyechanjwa hupita uani kwako kila asubuhi. Siku hiyo kuku wasifunguliwe alfajiri. Mwenye chupa apite nyumba hadi nyumba wakiwa bado tunduni, mtoto amshike kuku, mkubwa adondoshe tone, na mtu wa tatu aandike hesabu na tarehe ya miezi 3 ijayo.