Tulimgombeza Mtoto, Kumbe ni Waya!

Je, mama, umewahi kumkaripia mtoto kwa kosa lisilo lake? Sisi tumewahi.

Kijana wetu wa miaka 14 hupiga ngoma za umeme katika kwaya ya vijana, na kila jioni hujizoeza nyumbani. Siku moja ngoma yake ya kati ilianza kunyamaza katika baadhi ya mapigo, na toazi likawa linalia bila kuguswa. Sisi wazazi tulisema anapiga ovyo. Baada ya siku 3 alizifunika ngoma kwa shuka, akasema hataki tena kwaya. Ndipo tulipoamua kukagua chombo, jambo ambalo tungelifanya mwanzo.

Ngoma husikiaje?

Ndani ya ngoma nyingi za umeme mna kisahani chembamba. Fimbo ikigonga, kisahani hutikisika na kutoa umeme kidogo sana. Umeme huo hupita kwenye waya hadi kwenye kisanduku cha sauti, nacho ndicho kinachotoa mlio. Kwa hiyo kosa laweza kuwa mahali patatu: ngoma, waya au kisanduku.

Pigo lisiposikika

Punguza sauti kwanza. Sukuma kila plagi hadi mwisho. Kisha chomoa waya wa ngoma inayonyamaza, uchomeke ule wa ngoma jirani iliyo nzima. Usishtuke ukisikia mlio wa yule jirani. Mwambie mtoto agonge polepole mara 20, nawe hesabu. Mapigo yote yakisikika, ngoma haina neno; ugonjwa uko kwenye waya wake au kwenye kisanduku. Ikiendelea kunyamaza, huenda kisahani kimebanduka au sponji yake imechakaa. Hapo mpe fundi.

Kama waya na ngoma ni vizima, tazama kipimo cha kizingiti ndani ya kisanduku. Kizingiti kikiwa juu mno, mapigo mepesi hayapiti. Kishushe hatua moja moja, ukijaribu kila mara.

Sauti isiyo na mpigaji

Kizingiti kikishuka mno, hata mtikisiko wa sakafu huhesabiwa kuwa pigo. Tena ngoma nyingi hufungwa kwenye fremu moja. Ukigonga moja, nyingine hutikisika. Kaza skrubu za fremu, hakikisha ngoma hazigusani, na usiweke spika karibu nazo. Visanduku vingi vina pia kipimo cha kuzuia ngoma moja isiiamshe nyingine. Kipandishe kidogo tu, maana kikizidi, ngoma 2 zikipigwa pamoja moja humezwa.

Pigo 1 likilia mara 2, angalia kama ngozi ya wavu imelegea. Ikaze sawasawa pande zote. Kwa ngoma ya mguu, mtazame mpigaji: akiacha nyundo imekandamiza baada ya kugonga, yaweza kudunda na kulia tena.

Tulichokikuta

Waya wa ngoma ya kati ulikuwa umekatika kwa ndani, karibu na plagi, mahali ambapo sisi wenyewe tulikuwa tukiukunja kila tulipofagia. Skrubu ya toazi ilikuwa imelegea, na spika ilikuwa imeegemea fremu. Tulinunua waya mwingine, tukakaza skrubu, tukaisogeza spika. Vipimo vya kisanduku hatukuvigusa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko hiyo. Tulimwita kijana, baba yake akaanza: "Mwanangu, tulikukosea. Utusamehe." Hakujibu kitu. Aliondoa shuka, akakaa, akagonga ngoma ya kati mara moja, akasikiliza. Kisha akagonga tena.

Mama mwenzetu, mtoto akikuambia, "Siyo mimi," chukua dakika 10 ukague naye. Waya hununuliwa dukani. Moyo wa mtoto uliokata tamaa hauna duka.