Mkate Unapomdhuru Mtoto

Huko Kabezi, kusini ya mji wa Bujumbura, chakula cha kila siku ni ugali wa muhogo, maharage, ndizi na ndagala wa ziwani. Ngano hufika ikiwa mkate, chapati na maandazi, naye mtoto hupewa kama zawadi. Kwa watoto walio wengi zawadi hiyo haina madhara. Wachache huwadhuru.

Ugonjwa wao huitwa siliaki. Gluteni, yaani kile kinachoufanya unga wa ngano uvutike, na ambacho kimo pia katika shayiri na rai, huuchochea mwili kuushambulia utumbo wake wenyewe. Mtoto hula akashiba, lakini hakui. Tumbo hufura, huharisha mara kwa mara, damu hupungua. Dalili hizi hufanana mno na za minyoo na utapiamlo, nayo hayo mawili ndiyo ya kudhaniwa kwanza.

Duniani huupata takriban mtu 1 katika kila 100. Hesabu hiyo haimfai mama ambaye mtoto wake mmoja amekwisha kuthibitishwa. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2003, uliopima watu zaidi ya 13,000, ulikuta mgonjwa 1 katika kila 133 miongoni mwa watu wasio katika hatari, bali 1 katika kila 22 miongoni mwa wazazi, watoto na ndugu wa mgonjwa. Watoto wenye kisukari cha kudungwa insulini, na waliozaliwa na hali ya Down, nao wamo hatarini. Wala si maradhi ya Ulaya tu: kwa watoto wa Sahara Magharibi, uchunguzi wa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya 5 katika kila 100.

Wazazi wengine, wakisikia habari hizi, huikatiza ngano siku ile ile, ndipo humpeleka mtoto kupimwa damu. Hilo ni kosa. Mwili usiokula ngano waweza kukificha kipimo, mgonjwa akaitwa mzima. Mtoto aendelee kuila mpaka apimwe, na mganga aelezwe huila mara ngapi, kwani penye ugali wa muhogo huenda ni mara chache mno.

Dawa hakuna, ni kuiacha gluteni maisha yote. Jikoni mwa Kabezi si kazi ngumu: muhogo, mahindi, mchele, mtama, ulezi na ndizi havina gluteni. Penye hila ni unga wa uji wa mchanganyiko, ambao pengine hutiwa ngano, na mashine inayosaga nafaka zote. Unga wa mtoto huyo ni afadhali utwangwe nyumbani, katika kinu chake.