Vita vya Wafalme Wawili: Utangulizi kwa Njia ya Wapanda Farasi

Historia ya vita vya Ireland vya mwaka 1689 hadi 1691 ina wafalme wawili, madhehebu mawili na askari wa mataifa mengi, na msomaji mgeni hupotea upesi. Kwa hiyo nakushauri ushike rejimenti moja ya wapanda farasi na kuifuata tangu mwanzo wa vita hadi mwisho. Utaona jinsi dini, kiti cha enzi na ardhi vilivyofungamana hata visiweze kutenganishwa.

Ugomvi ulianzia London. James wa Pili, mfalme Mkatoliki wa Uingereza, Uskoti na Ireland, alipata mtoto wa kiume Juni 1688. Hadi siku hiyo wakubwa wa Kiprotestanti walikuwa wakivumilia, wakijua kwamba atarithiwa na binti yake Mary, Mprotestanti mwenzao. Sasa waliona ufalme ukibaki mikononi mwa Wakatoliki, wakamwita William wa Orange kutoka Uholanzi. Huyu alikuwa mume wa Mary, tena mpwa wa James mwenyewe. James alikimbilia Ufaransa kwa mfalme Louis wa Kumi na Nne, William akatwaa kiti cha enzi, na Machi 1689 James akatua Kinsale, kusini mwa Ireland, akitumaini kurudishiwa taji na raia wake Wakatoliki.

Hata hivyo, dini peke yake haitoshi kueleza nani alisimama na nani. Kaisari Leopold wa Dola Takatifu la Kirumi, Mkatoliki, alikuwa mshirika wa William dhidi ya Louis. Naye Schomberg, kamanda Mprotestanti wa William, alikuwa marshali wa Ufaransa hadi Waprotestanti wa nchi hiyo walipopokonywa uhuru wa kuabudu mwaka 1685.

Rejimenti ya kuanzia ni ile ya Patrick Sarsfield wa Lucan, karibu na Dublin, Mkatoliki aliyekwisha kumpigania James huko Sedgemoor, Uingereza, mwaka 1685. Askari wa rejimenti kama hiyo alipigana juu ya farasi, kwa upanga na bastola. Dragoni nao walisafiri kwa farasi, lakini mara nyingi walishuka na kupigana kwa bunduki. Farasi wa vita na malisho yake viligharimu fedha nyingi. Ndiyo maana maofisa wengi walitoka katika koo zenye mashamba, au zilizonyang'anywa mashamba wakati wa Cromwell, mtawala Mprotestanti wa Uingereza, miaka ya 1650. Ukisoma majina yao, unasoma madai ya ardhi.

Penye mto Boyne, tarehe 1 Julai 1690 kwa kalenda ya zamani, William alikuwa na watu takribani 36,000, na James takribani 25,000. Wapanda farasi wa James walishambulia tena na tena karibu na Oldbridge, na kwa kuwachelewesha maadui wakaliwezesha jeshi lao kurudi nyuma. Schomberg aliuawa hapo. Sarsfield alikuwa mbali, ubavu wa kushoto, akizuiwa na kinamasi, na siku hiyo hakupata nafasi ya kupigana.

Alijipatia sifa mwezi uliofuata. William alipouzingira mji wa Limerick, Sarsfield alitoka na wapanda farasi takribani 600, akavuka mto Shannon, akauvamia usiku msafara wa mizinga huko Ballyneety na kuulipua. Shambulio la William dhidi ya mji lilishindwa, naye akaondoka. Lakini Aughrim, 12 Julai 1691, kamanda Mfaransa Saint-Ruth alikatwa kichwa na tufe la mzinga, na jeshi la James likavunjika. Watu takribani 7,000 walikufa. Sehemu ya wapanda farasi iliondoka uwanjani mapema, na hadi leo wanahistoria wanabishana kama ule ulikuwa usaliti.

Katika kusoma mambo haya, usimsikilize shahidi mmoja. George Story, kasisi katika jeshi la William, aliandika historia ya vita hivi. John Stevens, Mwingereza Mkatoliki aliyetumikia askari wa miguu wa James, aliandika shajara, na humo anaeleza jinsi wapanda farasi wa upande wake, wakikimbia Boyne, walivyoipitia rejimenti yake na kuisambaratisha. Kwa hiyo wapanda farasi wa jeshi lilelile waliwaokoa wenzao mahali pamoja na kuwavuruga mahali pengine. Mwanahistoria mwaminifu huandika yote mawili.

Vita vilimalizika kwa Mkataba wa Limerick, 3 Oktoba 1691. Askari takribani 14,000 walihamia Ufaransa pamoja na Sarsfield, ambaye alifariki mwaka 1693 kwa majeraha ya vita vya Landen. Waliobaki walikuta ahadi nyingi za mkataba zikipuuzwa. Mwaka 1695 bunge la Dublin, la Waprotestanti watupu, lilimkataza Mkatoliki kumiliki silaha, na pia farasi wa thamani ya pauni 5 au zaidi. Washindi walijua vizuri nguvu ya mtu aliye juu ya farasi. Nawe, msomaji, ukiichukua sheria hiyo kwa uzito waliouona wao, umekwisha kuanza kuvielewa vita hivi.