Kwita izina: sherehe isiyomaliza mtaji

GISENYI – Mtoto akizaliwa katika familia yenye ndugu Gisenyi na Goma, hesabu huanza mapema: hema, viti, kreti za soda na bia, vitenge vya sare. Kwa mama anayevuka Petite Barrière kila asubuhi na ndoo ya nyanya, hesabu hiyo yaweza kumeza mtaji wote. Wageni wakishaondoka, wateja wanamsubiri Birere, naye hana cha kuwapelekea.

Hata hivyo, kwita izina, sherehe ya Wanyarwanda ya kumpa mtoto jina, haikuanza na hema. Kwa desturi ilifanyika siku ya 8, mama alipotoka nje na mtoto wake. Watoto wa jirani waliitwa, wakapewa vijembe, wakalima kidogo karibu na nyumba. Kisha walinyunyiziwa maji kama mvua, wakakimbia kurudi, wakanawa na kula pamoja chakula kiitwacho ubunnyano. Walipokwisha kula, kila mmoja alitaja jina analomchagulia mtoto. Jina la kudumu lilitolewa na baba.

Hayo yote yalihitaji chakula, maziwa na majirani. Kwa saa chache mtoto alikuwa ameonyeshwa kazi, sahani ya pamoja na watu wa kwao.

Tangu 2005, Rwanda huwapa majina watoto wa gorila wa milimani kwa sherehe ya taifa inayoitwa Kwita Izina. Wageni husafiri kutoka mbali kuitazama, ilhali asili yake ni uani.

Siku hizi jina mara nyingi huandikwa hospitalini kabla ya siku ya 8. Hilo halifuti sherehe. Baba anaweza kueleza mbele ya watu kwa nini amechagua jina hilo, na wazee wa pande zote mbili wakaongeza lao. Mtoto aliyeandikwa Mugisha, bibi yake wa Goma akimwita Baraka, ana neno moja kwa lugha mbili.

Anayepanga sherehe aanze na mambo matatu: nani atasema, watoto watafanya nini, na wageni wa ng’ambo watarudi saa ngapi kabla mpaka haujafungwa. Hema lifuate, kama fedha ipo. Fedha isiyotumika, Jumatatu itanunua nyanya.