Wafu wa moshi

Moshi waweza kuua watu wengi, wala hakuna amwonaye mwuaji. Huko London, tangu tarehe 5 hata 9 Desemba 1952, baridi ilikuwa kali, upepo hakuna. Hewa ya vuguvugu ya juu ikafunika ile ya baridi ya chini kama kifuniko cha chungu. Na kila nyumba iliwasha makaa ya mawe!

Wazee na watoto wachanga walikufa vitandani kwa magonjwa ya mapafu na ya moyo, magonjwa ya kila siku. Nani angesema ni moshi? Vitabu vya wafu vilipohesabiwa, walionekana wafu 4.000 kupita desturi. Vifo vilizidi hata Machi 1953. Serikali ikasema ni mafua. Wataalamu waliohesabu tena mwaka 2001 walipata karibu 12.000.

Sheria ya kupunguza moshi ilitolewa mwaka 1956 tu.