Karanga za Arua na Koboko: Kwa nini mnunuzi aulize jina la mbegu

Wafanyabiashara wengi wanaonunua karanga Pajulu, pembeni mwa Arua, huuliza bei na uzito tu. Jina la mbegu huachiwa mkulima. Hata hivyo, mbegu ndiyo inayoamua karanga zitavunwa lini, na siku ya kuvuna ndiyo inayoamua kama mzigo utafika salama Ariwara au Juba.

Adui mkubwa wa karanga katika Uganda ni ugonjwa wa rozeti. Virusi vyake huenezwa na vidukari. Mmea hudumaa, majani hujikunja na kuwa ya manjano, na ukiambukizwa ukiwa mchanga unaweza usizae kabisa. Mwaka wa rozeti, lori hurudi nusu tupu.

Kinga ilipatikana katika karanga za Afrika Magharibi miaka ya 1950. Watafiti waligundua kuwa inategemea vinasaba viwili ambavyo mmea lazima uvirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ndiyo maana kazi ya kuzalisha mbegu bora ilichukua miaka mingi. Kituo cha utafiti cha Serere, mashariki mwa Uganda, kilitumia mbegu kutoka taasisi ya ICRISAT nchini Malawi, na mwaka 2002 kikatoa Serenut 3R na Serenut 4T. Herufi R ni ngozi nyekundu, T ni ya hudhurungi hafifu. Nyingine zimefuata. Kwa upande wa West Nile, taasisi ya utafiti wa kilimo ya kanda ni Abi, iliyoko Arua.

Hapa ndipo mnunuzi anapohusika. Aina hizo mbili ni za muda mfupi, takriban siku 90. Zikipandwa Aprili hukomaa Julai, wakati mvua za West Nile bado zinaendelea. Aidha, karanga za kundi hili hazilali baada ya kukomaa: zikikaa kwenye udongo wenye maji huanza kuota. Karanga za kundi la Virginia huchukua siku 120 au zaidi, nazo hulala kwanza kabla ya kuota. Kwa hiyo mkulima wa mbegu fupi hawezi kusubiri jua. Hung'oa kukiwa na mvua, na mzigo wa kwanza sokoni mara nyingi ndio wenye unyevu mwingi.

Unyevu huzaa ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kukaanga. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 isizidi 5. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, hivyo sheria hiyo inagusa njia zote mbili, ya Vurra na ya Oraba. Mzigo ukikataliwa, hasara ni ya mwenye mali, na dereva hulala mpakani.

Ushauri kwa mnunuzi na msafirishaji:

- Uliza jina la mbegu na tarehe ya kung'oa. Za siku 90 zilizovunwa kwenye mvua zikaguliwe zaidi.
- Tikisa ganda: karanga kavu hulia ndani. Kiwango cha Codex ni unyevu usiozidi asilimia 10 zikiwa na maganda, na 9 zikiwa zimemenywa.
- Kataa karanga zilizonyunyiziwa maji ili kurahisisha kumenya.
- Usichanganye nyekundu na hudhurungi, wala za Julai na za Novemba. Gunia moja bovu huharibu jina la lori zima.
- Panga magunia juu ya chaga, funika kwa turubai mvua ikinyesha, na uifungue jua likitoka.

Barabara ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92, sasa ni ya lami. Safari imekuwa fupi, lakini lami haikaushi karanga. Kazi hiyo hufanyika Pajulu, kabla gunia halijashonwa.