Mafua yaliyopewa jina la nguruwe: Mama mjamzito ndiye wa kuangaliwa

Mwaka 2009 ulipozuka ugonjwa ulioitwa mafua ya nguruwe, wako Waislamu waliojipa moyo kuwa hautawafika, kwa kuwa nyama hiyo kwetu ni haramu. Huko Misri serikali iliamuru nguruwe wote wachinjwe, takriban 300,000. Wakachinjwa. Mwezi Juni mwaka huo huo Misri ikathibitisha mgonjwa wake wa kwanza. Kirusi hicho, H1N1, kilikuwa kikitoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa chafya, kikohozi na mikono. Juni 11 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza kuwa ugonjwa umeenea dunia nzima.

Jina lilipoteza watu, na mazoea nayo yaliwapoteza. Tumezoea kuwa mafua makali huua wazee. Safari hii haikuwa hivyo. Wataalamu wa Marekani walikadiria baadaye kuwa katika kila watu 10 waliokufa, wanane walikuwa chini ya umri wa miaka 65. Wazee wengi walikuwa wamewahi kukutana na virusi vya jamaa hiyo utotoni mwao, kabla ya mwaka 1957, na miili yao ikawa na kinga kiasi. Vijana hawakuwa nayo.

Miongoni mwa vijana hao, mama mjamzito alikuwa na hatari ya pekee. Zingatia sababu zake, ndugu msomaji. Mimba inapokua, mfuko wa uzazi huusukuma juu msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mapafu yakakosa nafasi ya kutanuka. Moyo nao unafanya kazi ya ziada, na kinga ya mwili hubadilika ili isimdhuru mtoto. Mafua yakigeuka kuwa nimonia katika hali hiyo, hasa miezi mitatu ya mwisho, mama huishiwa pumzi upesi. Wengine walioumia zaidi ni wenye pumu, kisukari, maradhi ya moyo na upungufu wa kinga, pamoja na watoto wachanga.

Ndiyo maana Julai 2009 mawaziri wa afya wa nchi za Kiarabu walikutana Cairo wakaafikiana kuwa wajawazito, wenye maradhi sugu, watoto chini ya miaka 12 na watu waliopita miaka 65 wasiende Hija mwaka ule. Ni jambo zito kumwambia mtu aliyeweka akiba maisha yake yote. Lakini Hija ni kwa mwenye uwezo, na afya ni sehemu ya uwezo. Corona ilipokuja, hapo wazee ndio waliokufa zaidi; Hija ya mwaka 2022 ikafunguliwa kwa walio chini ya miaka 65 tu.

Kirusi cha 2009 hakijaondoka. Kimebaki kikizunguka kama mafua ya kila mwaka. Kwetu, mjamzito akipata homa jambo la kwanza ni kupimwa malaria, na ni sawa. Tatizo ni pale kipimo kinapoonesha hana, naye akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Ewe mume, usiridhike hapo. Mwambie daktari kuwa anakohoa na ni mjamzito. Ipo dawa ya oseltamivir, na husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Antibaotiki haziui kirusi. WHO inashauri wajawazito wapate chanjo ya mafua, ambayo humkinga hata mtoto katika miezi yake ya mwanzo, kwani aliye chini ya miezi sita hachanjwi.

Mwenye mafua ndani ya nyumba alale chumba kingine ikiwezekana, madirisha yawe wazi, na kikombe chake kisitumiwe na mwingine. Mtume (s.a.w.) alipopiga chafya alifunika uso kwa mkono au kwa nguo yake. Ukitumia mkono, uoshe kwa sabuni kabla ya kumpa mtu salamu. Kiwiko au leso ni bora zaidi.

Mama akianza kuhema haraka, kifua kikimbana, midomo ikibadilika rangi, akichanganyikiwa au mtoto akipunguza kucheza tumboni, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.